Kupanga na kufundisha kozi mseto: maswali ambayo walimu wenzangu huniuliza

Kila muhula unapokaribia, walimu wenzangu hunijia na maswali yaleyale. Wengine wameagizwa na idara kwamba kozi zao ziwe na sehemu ya mtandaoni. Wengine walishajaribu mara moja, wakachoka kuliko walivyowahi kuchoka, na wanafunzi wakalalamika juu yake. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mifano mingi naitoa kwenye kozi yangu ya takwimu za awali, yenye wanafunzi 140 wa mwaka wa kwanza. Karibu wote wana simu janja. Wenye kompyuta ni wachache.

Nikipandisha slaidi zangu kwenye Moodle, ule mfumo wa chuo wa kuwekea kozi mtandaoni, si tayari nina kozi mseto?

Bado. Hapo umepata kabati la kutunzia vitini. Ni jambo jema, ila ufundishaji wenyewe haujabadilika. Kozi huwa mseto pale unapoyatoa darasani kwa makusudi baadhi ya mambo ya kujifunza, ukayapeleka mahali ambapo mwanafunzi atayafanya kwa wakati wake, na kipindi cha darasani nacho kikabadilika kwa sababu hiyo.

Kuna kipimo ninachokitumia. Nachukua wiki yoyote ya kozi na kujiuliza: mwanafunzi asiyefanya kabisa kazi ya mtandaoni, akija darasani atakwama? Kama hatakwama, kazi ile ilikuwa mzigo tu niliomtwisha. Kwenye wiki ya nne ya kozi yangu kila mwanafunzi hupita sokoni au gengeni, huandika bei ya fungu la nyanya kwa wauzaji watano, kisha huziingiza kwenye jedwali la pamoja mtandaoni. Kipindi huanza na jedwali hilo: bei 700, nyingine zimeandikwa vibaya, mafungu mengine makubwa na mengine madogo. Bila bei hizo hatuna cha kujadili, na bila kipindi kile bei zingebaki namba tu. Nikisema mseto, huo mshono ndio ninaoumaanisha.

Hili si jambo lililoletwa na korona?

Korona iliwasukuma wengi. Tanzania ilifunga shule na vyuo Machi 2020, vyuo vikafunguliwa tena 1 Juni, na baadhi yetu tuliingia kwenye mfumo wa chuo kwa mara ya kwanza kipindi kile. Wazo lenyewe lakini ni la zamani hapa kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aingie shule ya msingi, walimu hawakutosha na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa haraka. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza shule ya msingi walifunzwa ualimu huku tayari wakifundisha vijijini: masomo ya maandishi kwa posta, vipindi vya redio, waratibu wa kuwasimamia karibu, na semina za ana kwa ana. Ilikuwa kozi mseto isiyo na kompyuta hata moja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kiliendelea na njia ya masafa na kuweka vituo mikoani. Kenya nako, mwaka 2005, shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa wauguzi wa ngazi ya cheti kujiendeleza hadi stashahada: nadharia walisoma kwenye kompyuta, na vitendo wakavifanya hospitalini.

Naitaja historia hii kwa sababu moja. Katika mipango hiyo, mwanafunzi aliyekwama alikuwa na mtu wa kumwendea. Kozi nyingi zinazohamishiwa mtandaoni siku hizi zimemsahau mtu huyo.

Je, wanafunzi wanajifunza zaidi kuliko kwenye lekcha ya kawaida?

Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi. Kwa wastani, waliosoma kwa mseto walifanya vizuri zaidi kuliko waliosoma darasani pekee. Waandishi wakatoa tahadhari ambayo wengi hawaifikii: mara nyingi wanafunzi hao walipewa pia muda zaidi na vifaa vya ziada. Kwa hiyo usiseme mtandao ndio uliofundisha. Mimi nausoma utafiti ule hivi: mseto hufaa pale unapomwongezea mwanafunzi muda wa kuifanya kazi mwenyewe na nafasi ya kusahihishwa akiwa bado anaifanya.

Nianzie wapi kupanga?

Anzia siku ya mwisho ya muhula. Andika kwa sentensi ya kawaida mwanafunzi wako ataweza kufanya nini siku hiyo. Mimi niliandika: kupewa data chafu, kuisafisha, kuchagua kipimo kinachoifaa, na kumweleza mtu asiye mtaalamu maana ya jibu. Baada ya hapo nikaandika kazi itakayonionyesha kwamba ameweza. Kisha nikarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi wiki ya kwanza. Mpaka hapo sikuwa nimegusa Moodle.

Sasa ndipo unapouliza kila hatua ifanyikie wapi. Mambo ambayo mtu anahitaji kuyarudia kwa mwendo wake, kama istilahi, fomyula, au onyesho la hatua za kukokotoa, yaende mtandaoni. Pale anaweza kusimamisha, kurudisha nyuma, kusikiliza mara ya tatu bila kumwonea aibu jirani. Mambo yanayotaka mtu akosee mbele ya mwenzake au mbele yako, kama kuchagua njia, kubishana juu ya maana ya matokeo, au kulianza tatizo gumu, yabaki darasani. Wengi wetu tumezoea kinyume chake. Saa mbili za darasani tunazimalizia kwenye slaidi, halafu swali gumu kuliko yote tunampa mwanafunzi aende nalo hosteli, ambako hana wa kumuuliza. Walimu wawili wa kemia huko Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao mwaka 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, na kazi hiyo ikawafikisha kwenye swali hilohilo: kama maelezo yanaweza kurekodiwa, muda wa darasani tuutumie kwa nini?

Kisha hesabu saa, na uzihesabu kwa kweli. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi, zikijumlisha darasa, kusoma, kazi na mtihani. Kozi ya krediti 10 basi ina saa 100 na hakuna zaidi. Yangu nimeigawa hivi kwa wiki 15: saa 2 kila wiki darasani, jumla 30; saa moja na nusu ya video, kusoma na kwizi, jumla 22.5; saa moja na nusu nyingine ya kukusanya data na majadiliano, 22.5 tena; saa 15 za mradi; na saa 10 za kujiandaa na mtihani. Zimeisha. Nikitaka kuongeza video, lazima nipunguze kitu. Kosa ninaloliona zaidi ni mwalimu kuziacha lekcha zote kama zilivyokuwa na kuongeza mtandao juu yake. Mwanafunzi anabeba kozi na nusu kwa krediti za kozi moja, na akilemewa ataiacha ile nusu unayoipenda wewe.

Mwisho chora jedwali la wiki: kabla ya kipindi, ndani ya kipindi, baada ya kipindi. Ongeza safu ya nne, ambayo wenzangu wengi hawanayo: *nini kutoka kabla kitatumika ndani?* Safu hiyo ikibaki tupu kwa wiki fulani, wiki hiyo haijapangwa.

Asilimia ngapi iwe mtandaoni?

Soma kanuni za chuo chako kwanza, maana ratiba na ukumbi vinategemea hilo. Zaidi ya hapo acha kazi zenyewe ziamue. Wiki nyingine ya kozi yangu haina mtandao kabisa, na nyingine haina darasa.

Lazima nirekodi video?

Si lazima. Kurasa mbili zilizoandikwa vizuri, zenye mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, mara nyingi zinatosha, na hazili bando. Video irekodi pale ambapo mwendo wenyewe ndio somo: namna ya kupanga data kwenye jedwali la kompyuta, namna ya kuchora grafu, namna mkono unavyofanya kazi maabara.

Ukirekodi, fupisha. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walifungua video, na wakaona kwamba muda ambao mtazamaji wa kawaida alidumu haukuvuka dakika 6, hata video ikiwa ndefu kiasi gani. Lekcha ya dakika 50 iliyorekodiwa ukumbini ni kumbukumbu tu kwa aliyekosa. Igawe vipande vinane, kila kipande wazo moja, na kukipa jina linalosema kilichomo. "Kwa nini wastani hudanganya" ni jina. "Lekcha 3b" si jina.

Fikiria pia bando. Sauti ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde inachukua takriban megabaiti 2.4 kwa dakika 10. Video ya dakika hizohizo, hata ya ubora wa chini, hula makumi ya megabaiti, na ya ubora wa juu hufika mamia. Kwa kozi yangu natoa slaidi chache na sauti, na video mbili au tatu tu kwa mada. Rekodi kwa simu, chumba kikiwa kimya, na usitaje tarehe wala "mtihani wa wiki ijayo" ndani yake, ili mwakani uitumie tena.

Wanafunzi wangu hawana bando wala kompyuta.

Usikisie, waulize. Siku ya kwanza nagawa karatasi yenye maswali manne: una kifaa gani, ni chako au cha kuazima, unapata intaneti wapi, na ni siku gani za wiki huipati kabisa. Majibu ya swali la nne yamenibadilishia kozi kuliko mafunzo yoyote niliyohudhuria. Wanaorudi nyumbani Ijumaa, kwa mfano, walikuwa wanapotea hadi Jumapili usiku, na mimi nilikuwa nimeweka kazi zote Jumamosi.

Baada ya hapo ni mambo ya kawaida. Kila kitu cha wiki kipatikane siku nne kabla, ili aliye karibu na Wi-Fi ya chuo akipakue. Waonyeshe namna programu ya Moodle ya kwenye simu inavyohifadhi kozi ili isomwe bila intaneti. Wengi hawajui kwamba inawezekana. Weka nakala ya faili zote kwenye kompyuta ya maktaba, mtu aje na flashi. Chapisha nakala tatu za maandishi, ziwekwe kwenye dawati la akiba. Na kipindi ambacho bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, limechelewa, usiweke kazi yoyote yenye alama inayohitaji kuwa hewani kwa saa maalumu. Mwanafunzi asiyejua atakula nini jioni hatanunua megabaiti kwa ajili ya takwimu.

Kuhusu vipindi vya moja kwa moja kwa Zoom na mfano wake: saa moja ya video ya kundi inaweza kula mamia ya megabaiti. Nimeviacha kabisa, isipokuwa saa ya maswali kwa sauti tu, na si lazima mtu ahudhurie.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Usifundishe mada. Kaeni ukumbini, kila mtu na simu yake, muingie pamoja kwenye mfumo. Kuna atakayekuwa amesahau nywila, kuna ambaye usajili wake haujakamilika, kuna ambaye barua pepe iliyoandikwa kwake ni ya mtu mwingine. Yote haya hutatuliwa kwa dakika kumi mkiwa pamoja na kwa wiki tatu mkiwa mbali. Fanyeni kwizi ya mazoezi isiyo na alama, kila mmoja aandike ujumbe mmoja kwenye jukwaa la majadiliano na kupakia picha ya ukurasa mmoja wa daftari lake. Asiyevuka siku hiyo, andika jina lake na umtafute kabla ya Ijumaa.

Wanakuja darasani hawajagusa kitu. Nifanyeje?

Swali hili ndilo lililoua kozi mseto nyingi ninazozijua, ikiwemo yangu ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unaingia ukumbini, unauliza nani amepitia video, inanyooka mikono sita. Unaingiwa na huruma, pengine na hofu ya kupoteza kipindi, unachukua chaki na kufundisha upya kilekile kilichokuwa kwenye video. Kwa saa ile umewafundisha jambo moja wasilolisahau: kazi ya kabla si ya lazima, mwalimu atairudia. Wale sita nao wamejifunza kwamba waliotumia jioni yao vizuri ni wenzao. Wiki inayofuata itanyooka mikono miwili. Mimi nilifanya hivyo muhula mzima wa kwanza, na kufikia wiki ya sita nilikuwa nimerudi kwenye lekcha za zamani, video nazo zikiwa zimenila usiku mwingi.

Kwa hiyo usirudie. Ila kabla ya kuwakazia, tafuta kwa nini hawakufanya. Niliwahi kulisema darasa zima kwa uvivu, kumbe faili nililoweka halikufunguka kwenye simu. Waliokuwa na kompyuta waliliona, na hao walikuwa wachache mno. Tangu siku hiyo kila Jumapili nafungua kozi yangu kwenye simu ya bei ndogo, nikiwa nimeingia kama mwanafunzi. Sababu nyingine huwa ni urefu: umesema saa moja, wenyewe wanatumia tatu. Nyingine ni kwamba hawaoni kazi inakwenda wapi, na hapo kosa ni la ile safu ya nne ya jedwali.

Kisha weka kwizi fupi inayofungwa jioni ya kuamkia kipindi. Maswali matano, alama kidogo, ruhusa ya kujaribu mara mbili. Kwizi hii haipo kwa ajili ya kuwakamata. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo ambalo kila mwalimu anafaa kulijua: waliosoma kifungu kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma na kukisoma tena, ingawa baada ya dakika 5 tu wale waliorudia kusoma ndio walioonekana kuwa mbele. Kujipima kwenyewe kunakaza somo.

Swali la tano huwa ni lilelile kila wiki: *Kipi hakijakukaa sawasawa?* Wanaandika kwa maneno yao. Usiku nayasoma yote, nachagua matatu, na asubuhi kipindi kinaanza nayo bila kutaja majina. "Sielewi kwa nini tunagawanya kwa n toa moja." Unaiona sura ya aliyeandika ikiinuka. Kwa miaka hii yote hakuna alama wala onyo lililowafanya wajiandae kama hilo: kujua kwamba walichokiandika jana kimesomwa, na kwamba leo kinaongoza darasa.

Ambaye bado hajajiandaa simfukuzi. Ana safu mbili za nyuma, anapewa dakika 15 apitie maandishi au asikilize kwa visikilizio, kisha anajiunga na kundi lake. Anakosa mwanzo wa mjadala, na kundi linaanza bila yeye. Wiki mbili za kwanza safu zile hujaa. Kufikia wiki ya tano nawaona wanne au watano, na hao ndio ninaowaita baadaye kuzungumza nao, kwa sababu mara nyingi kuna jambo nyumbani.

Naruhusiwa kuchanganya Kiswahili?

Vyuo vyetu vingi vinafundisha na kutahini kwa Kiingereza, na sikushauri uvunje kanuni. Ila tazama kinachotokea ukiwaagiza wajadiliane kwa Kiingereza pekee: wanaandika watano walewale, na wengine 135 wananyamaza. Hawakosi la kusema. Wanaogopa kukosea sarufi mbele ya wenzao kwa maandishi yasiyofutika. Mimi naruhusu hoja ije kwa Kiswahili, au kwa sauti, kisha kundi linaandika muhtasari wa aya moja kwa Kiingereza. Kila mada ina faharasa fupi ya istilahi kwa lugha zote mbili. Nina rekodi chache ambamo naeleza wazo gumu kwa Kiswahili kitupu, na hizo ndizo zinazofunguliwa mara nyingi zaidi wakati wa mitihani. Mtu akishalielewa wazo, kulisema kwa Kiingereza cha mtihani ni kazi ndogo.

Jukwaa la majadiliano limekufa. Kila mtu anaandika "nakubaliana na mwenzangu".

Swali lako huenda lina jibu moja. Ukiuliza "jadili umuhimu wa sampuli", wa kwanza atamaliza na waliobaki watakubali. Uliza kitu ambacho kila mmoja lazima alete chake: bei ya nyanya ya soko lake, takwimu aliyoisikia kwenye taarifa ya habari na shaka aliyonayo juu yake. Gawa darasa katika makundi ya watu kumi, maana kwenye umati wa 140 hakuna anayemsoma mwingine. Nawe usijibu kila ujumbe. Ukijibu haraka mno wanangoja neno lako. Mimi naingia Jumatatu na Alhamisi, nauliza swali moja la kuchokonoa kwa kila kundi, na natoka.

Kwa nini nisitumie kundi la WhatsApp tu?

Litumie kwa matangazo, kwa sababu huko ndiko waliko. Usifundishie huko. Kufikia wiki ya tatu faili lako limefukiwa na ujumbe 400, aliyejiunga akiwa amechelewa haoni kilichopita, na hakuna kumbukumbu ya nani amefanya nini. Kuna jambo zito zaidi: kila mwanafunzi anaiona namba ya simu ya kila mwenzake, bila kuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hata bila sheria, wanafunzi wa kike wameniambia wanavyosumbuliwa na namba wasizozijua baada ya kuwekwa kwenye makundi ya darasa. Fungua kundi ambalo wewe na kiongozi wa darasa pekee ndio mnaoandika, na ambaye hataki kuingia apate matangazo kwa njia nyingine.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo huwa linasahauliwa?

Saa. Muhula mmoja niliweka kwizi ifungwe "12:00 PM", yaani saa sita mchana. Karibu thelathini waliisoma saa kumi na mbili jioni, kama mtu yeyote anayehesabu saa kwa Kiswahili, na wakakuta mlango umefungwa. Kosa lilikuwa langu, niliwafungulia tena. Siku hizi naandika kwa maneno, "Jumatatu saa mbili usiku", na mfumo nauwekea saa za ziada baada ya hapo kwa sababu ya umeme. Kazi kubwa naziwekea saa 48 za ziada kwa wote, ili nisilazimike kupima ni udhuru wa nani ulio wa kweli.

Kudesa mtandaoni, yaani kunakili kazi za wenzao, nitakuzuiaje? Na hii akili unde?

Kwizi za kila wiki zina alama chache, na maswali yake hutoka kwenye benki ya maswali kwa kuchanganywa. Wakisaidiana, sawa, wanajifunza. Kwa kazi zenye uzito, tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 sitoi tena insha ya jumla ya kufanyia nyumbani. Mradi wa kozi yangu hutumia data ambayo mwanafunzi aliikusanya mwenyewe, akiwa na picha ya daftari alipoandikia, na mwishoni anakaa nami au na msaidizi wangu dakika tano: "Kwa nini uliitoa bei hii? Ungebadilisha nini kama ungekuwa na wauzaji 50?" Aliyeifanya kazi anajibu, hata kwa kigugumizi. Dakika tano kwa watu 140 ni karibu saa 12, na nimezitafuta kwa kupunguza karatasi za kusahihisha.

Nina mwanafunzi asiyeona, na mwingine kiziwi.

Zungumza nao kabla ya wiki ya kwanza. Wao wanajua kinachowafaa kuliko wewe. Kwa asiyeona, tatizo kubwa ni vitini vilivyoskaniwa. Kwa programu ya kusoma skrini, ukurasa ule ni picha tupu. Andika upya, weka vichwa vya habari halisi, eleza kila grafu kwa maneno. Kwa kiziwi, kila rekodi iwe na maandishi yake. Maandishi hayo yatatumiwa pia na wale wasio na bando la kusikiliza, na utashangaa ni wangapi.

Mbona nafanya kazi mara mbili?

Mara ya kwanza ni kweli, na mkuu wako wa idara anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajakupangia kozi nne. Mara ya pili nguvu hupungua ikiwa ulirekodi bila kutaja tarehe na ukatunza benki ya maswali. Kinachochosha bila kikomo ni ujumbe. Tangaza siku zako za kujibu, na uzishike. Maswali ya kozi yaulizwe jukwaani, si kwenye simu yako, ili ukijibu mara moja wasome wote. Kwa kazi za makundi, badala ya kuandika maoni 140, narekodi sauti ya dakika nne juu ya makosa matano yaliyojirudia, na naandikia mmojammoja pale tu panapohitajika.

Nitajuaje katikati ya muhula kama inafanya kazi?

Kila Jumatatu tazama ripoti ya nani hajaingia kwa siku saba. Usitume tangazo kwa wote, mpigie huyo. Wiki ya tano gawa karatasi yenye maswali matatu: niendelee na nini, niache nini, na saa ngapi unazitumia kwa wiki. Ukipata wastani wa saa kumi kwenye kozi uliyoipangia saa sita, punguza wiki hiyohiyo, na uwaambie umepunguza kwa sababu walisema.

Muhula unaanza baada ya wiki tatu na sina chochote.

Usiigeuze kozi nzima. Chagua mada moja ya wiki mbili au tatu, ile ambayo kila mwaka wanafunzi huanguka. Iandikie kurasa chache, rekodi sauti mbili, tunga kwizi mbili zenye lile swali la tano, na upange vipindi viwili ambavyo haviwezi kuanza bila kazi ya kabla. Mada nyingine zifundishe kama ulivyozoea. Ukimaliza, kaa na kiongozi wa darasa na wanafunzi watatu, mmoja wao awe aliyefeli kwizi zote mbili, na umsikilize huyo kwanza.